Nusu Isiyo na Uzi

Hospitalini walimwita Mama Hesabu, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Hakulikataa. Alihesabu ngazi akipanda, alihesabu vidonge vya jirani, na wageni wakiaga kwake walikuwa hawajafika getini vijiko vimeshahesabiwa. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa chumba cha upasuaji, kuhakikisha kwamba kila kilichoingia tumboni mwa mtu kimetoka kabla tumbo halijashonwa. Mikasi, vibanio, sindano, na zaidi ya vyote shashi, vile vitambaa vyeupe vya kunyonya damu ambavyo vikishalowa huvitofautishi na nyama. Madaktari walikuja wakaenda, wengine wakali kama pilipili, lakini hakuna aliyethubutu kuanza kushona kabla Mama Hesabu hajasema, "Zimetimia."

Kwa hiyo wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alipoambiwa ana uvimbe kwenye kizazi na lazima apasuliwe, Mama Hesabu alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo. Wifi alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi na mikono miepesi, na woga wake aliuficha kwenye utani. Akiwa kitandani anasubiri nusu kaputi, alimshika mkono akamwuliza, "Wifi, ni wewe utakayehesabu?"

"Ni mimi."

"Basi acha nilale. Ila ukinisahaulia kitana humo ndani, utanitafutia kingine, sina cha akiba."

Walicheka wote wawili, na mtu wa nusu kaputi akacheka pia.

Hayo yalipita. Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Kwa miezi kumi na moja wifi aliumwa tumbo. Alirudi hospitali ile ile mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa ni gesi, ya pili minyoo, ya tatu mawazo. Mara ya nne walimpiga eksirei, picha ikatoka safi, akashauriwa apunguze kulalamika. Ndivyo ilivyo: mwanamke akisema anaumwa, kiungo cha kwanza kutiliwa shaka ni mdomo. Mwishowe mumewe, fundi bomba asiyejua kubembeleza mtu, alimbeba mpaka hospitali nyingine ya mbali, na huko wakampasua upya. Walikuta kipande cha shashi kimezama kwenye usaha, na utumbo uliokizunguka umeoza. Wakaukata. Sasa choo cha wifi kilitokea ubavuni, kikaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi, na pembeni yake palikuwa na kidonda cha mshono kilichogoma kufunga.

Utumbo ungeweza kuunganishwa tena, madaktari wa huko walisema, lakini kwa gharama ambayo fundi bomba asingeifikia hata angeziba mabomba ya mji mzima. Ndiyo maana walikwenda kwa wakili kudai fidia. Bila fidia, mfuko ungebaki pale ubavuni mpaka siku ya kuzikwa.

Kila siku saa kumi alasiri, zamu yake ikiisha, Mama Hesabu alikwenda kumsafisha. Wifi hakukubali mikono mingine. Mumewe alijaribu mara moja, akatapika, akalia, ikawa kazi ya kumhudumia yeye. Mikono ya Mama Hesabu ilikuwa na utulivu wa kazi. Alibandua mfuko, akaosha, akapachika mpya, halafu akageukia kidonda na kukijaza shashi safi, moja, mbili, tatu, huku wifi akimtania.

"Taratibu, wifi. Nikipona nitakusuka nywele za kubana mpaka macho yapande juu."

"Upone kwanza."

Siku moja wifi hakutania. Alikuwa ameshika barua iliyokunjwa mara nyingi. "Hospitali yako imejibu," alisema. "Wanasema shashi si yao. Wanasema ni ya miaka minane nyuma, nilipojifungua kwa kupasuliwa kule kwingine. Wameambatisha karatasi yako ya hesabu."

Mama Hesabu aliichukua ile nakala. Zilizoingia, kumi. Zilizotoka, kumi. Chini sahihi yake, imenyooka kama alivyofundishwa na walimu wake.

"Wifi, nakuuliza wewe, siwaulizi wao. Ulihesabu?"

"Nilihesabu. Zilikuwa kumi."

Alisema hivyo bila kupepesa jicho, kwa sababu aliamini. Na wifi, aliyekwishaacha kuamini eksirei, madaktari na hata dua za majirani, alimwamini. "Basi itakuwa ni wale wa miaka minane," alisema kwa unyonge, "na wale hospitali yao ilishafungwa. Nitamdai nani? Mlango?"

Wiki hiyo hiyo wakili aliwaita. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda mpaka kwenye majalada. Wifi aliishukuru harufu hiyo kimoyomoyo, maana humo ndani hakuna pua ambayo ingemtambua. Wakili alikuwa mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Nisiwadanganye, kesi inaelekea kufa," alisema. "Kwamba umeumia, hakuna anayebisha. Kwamba ni shashi, hakuna anayebisha. Ni ya nani? Hapo ndipo tumekwama. Wao wana karatasi, sisi tuna tumbo." Akafungua kabati, akatoa kichupa kipana cha kioo chenye muhuri wa hospitali ya mbali. "Shangazi wa watoto, wewe ni muuguzi. Niambie, kitambaa kama hiki kinatumika kila hospitali?"

Mama Hesabu alikisogeza kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya maji kilielea kitambaa cha rangi ya chai. Alikitazama kama alivyovitazama maelfu kabla yake, kwa mazoea, akianzia kwenye pindo. Shashi ya tumbo hushonwa pindo pande zote nne ili isichuje nyuzi. Hii ilikuwa na pindo tatu. Upande wa nne ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umenyooka, na nyuzi zimechambuka kidogo kwenye kona.

Kitu kingine hakikuwepo. Kila shashi ya tumbo ina uzi wa buluu ulioshonewa upande mmoja, uzi unaoonekana kwenye eksirei. Hapa hapakuwa na uzi.

Ungemkata Mama Hesabu wakati ule, usingepata damu. Alikumbuka yote kwa mkupuo. Ilikuwa Ijumaa, upasuaji wa tano wa siku hiyo. Pakiti ilikuwa ya shashi kumi, naye alikuwa ameshaandika kumi ubaoni tangu ilipofunguliwa. Ilibaki moja. Damu ilipanda ghafla, daktari akanyoosha mkono, na msaidizi wake upande wa pili akanyoosha wake. Pakiti nyingine zilikuwa stoo, na mtunza stoo alikuwa ameondoka na ufunguo. Basi alifanya walichofanya wote kwa miaka, alichowafundisha yeye mwenyewe wauguzi wachanga mpaka wakakipa jina: aligawa mkate. Alikata shashi katikati. Nusu yenye uzi akampa daktari, nusu isiyo na uzi akampa msaidizi.

Sheria iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa: shashi haikatwi. Lakini aliyeiandika hakuwahi kuishiwa shashi. Kwa hiyo wao walikuwa na sheria yao ndogo, kwamba ukigawa mkate, wakati wa kuhesabu unakutanisha nusu kwa nusu, ndipo unasema moja. Na Ijumaa ile hakukutanisha. Mbele yake palikuwa na mabonge yaliyolowa damu, akayahesabu kama mabonge: kumi. Ubaoni kumi. Yangekuwa kumi na moja. Alikuwa amechoka, wifi yake alikuwa mezani, na kumi lilikuwa ndilo jibu alilokuwa akilitaka.

"Vipi?" wakili aliuliza. "Kinatumika kote?"

"Ndiyo," alisema Mama Hesabu. "Kote."

Na huo nao haukuwa uongo.

Kuanzia hapo hakupata usingizi wa maana. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshagawiwa kichwani mwake: paa, jino, ada ya mjukuu. Lakini tusimsafishe sana pia. Kilichomuuma zaidi ya kiinua mgongo ni lile jina. Angeitwaje baada ya hapo? Alikwenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, akamweleza akiwa amesimama. Metroni alinyanyuka akafunga mlango, akarudi, akakaa, akapanga kalamu zake tatu sambamba.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi na ibaki hivyo. Dada yangu, nani hapa hajagawa mkate? Mimi nimegawa. Ukisema wewe, watauliza nani alijua, na nitamwaga unga mimi na wenzako saba, na stoo haitajazwa hata hivyo." Akalainisha sauti. "Wakili wetu ameshakuchagua uwe shahidi. Anasema shahidi aliye ndugu wa mdai, nani atamkatalia? Huambiwi udanganye. Utaulizwa umehesabu ngapi, utasema kumi. Ni kweli ulihesabu kumi. Kisha shuka kizimbani, nenda nyumbani."

Ndivyo walivyomfunga, kwa kamba ya ukweli. Na kila alasiri saa kumi aliendelea kwenda kule, kubandua, kuosha, kubandika. Wifi alijua kwamba hospitali imemwita ushahidi, na hakukasirika. "Mwajiri ni mwajiri," alisema. "Wewe sema ulichokiona, usinipendelee. Nisije nikala haramu na mfuko huu ubavuni." Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Mama Hesabu alimgusa kidonda vibaya. Wifi aliuma meno, kisha akamwomba yeye msamaha. "Pole, wifi, unachoka kwa ajili yangu," alisema. Mama Hesabu aliingia msalani, akafungua bomba mpaka mwisho, akalia kwa sauti ndogo kuliko maji.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa, maana mvua ilinyesha na wenye kesi nyingine walijibanza humo. Mabenchi yalikuwa marefu, ya mbao, na watu walikaa bega kwa bega. Isipokuwa benchi la mbele. Pale wifi alikaa katikati, mumewe kulia kwake, na kushoto palikuwa na pengo la watu wawili. Alikuwa amejipaka marashi mengi kupita kiasi, kama kawaida yake siku hizi, lakini joto la chumba lilikuwa limeshinda marashi. Aliyekuwa ameketi pale alijikohoza, akasogea, halafu akahama. Wifi alijifanya anasoma dari.

Mama Hesabu aliitwa, akala kiapo. Wakili wa hospitali, mtu nadhifu mwenye sauti ya upole, hakumchosha.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa. Sasa inaelekea thelathini."

"Zimewahi kukupotea shashi?"

"Sijawahi kuambiwa hivyo."

"Siku ya upasuaji wa mdai, ubaoni uliandika shashi ngapi?"

"Kumi."

"Mwishoni ulihesabu ngapi?"

"Kumi."

"Ahsante sana, mama."

Wakili wao mwenye miwani miwili alisimama. Aliuliza kama alikuwa amechoka, kama taa zilikuwa zinawaka vizuri, kama karatasi ilijazwa siku hiyo hiyo. Alikuwa anapapasa gizani, na Mama Hesabu alimwona anavyoupita mlango, anarudi, anaupita tena. Hakuna aliyemwuliza habari za mkasi. Nani angejua kuuliza? Wakili akakaa. Jaji akasema shahidi anaweza kushuka.

Akashuka. Hatua nne kutoka kizimbani mpaka sakafuni, alizihesabu. Alitazama wapi pa kukaa, na hapo wifi akamwona. Hakununa, wala hakugeuza uso. Alimsogezea mkoba wake, akalipigapiga lile pengo kwa kiganja, pale ambapo watu wazima na akili zao walikuwa wamemkimbia. Midomo yake ikasema bila sauti, "Njoo ukae, umechoka."

Mama Hesabu alisimama katikati ya chumba. Mtu akakohoa. Karani akamwonyesha benchi kwa kalamu.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kusema zimetimia. "Sijamaliza."

Wakili wa hospitali alishanyanyuka kupinga. Jaji alimwashiria akae. "Bado uko chini ya kiapo," alimwambia Mama Hesabu. "Unataka kusema nini?"

"Naomba kile kichupa. Na mtu anipe kitambaa cha mkononi, hata cha kwake."

Jaji mwenyewe alitoa leso yake nyeupe, yenye pindo pande nne. Mama Hesabu akaomba mkasi kwa karani. Akaiinua leso juu wote waione. "Hii ni ngapi? Moja. Nimeandika ubaoni, moja." Akaikata katikati. "Sasa ni ngapi? Ubaoni bado ni moja. Zikiloa damu zote mbili, nikiokota hii nusu nikasema moja, hesabu imetimia, na hii nyingine imebaki ndani." Kisha akakishika kichupa, akaonyesha pindo tatu na upande ulionyooka, akaeleza uzi wa buluu na kwa nini eksirei ilitoka safi. Alieleza taratibu, kama anavyofundisha wauguzi wachanga. "Mkasi nilishika mimi. Hii ni ya siku ile. Nimeijua tangu ofisini kwa wakili, wiki tano zilizopita, na nikanyamaza."

Mvua ikasikika juu ya bati. Mama Hesabu hakumtazama jaji, wala wakili, wala metroni aliyekuwa nyuma karibu na mlango. Alitazama benchi la mbele. Wifi alikuwa ameuondoa mkono kwenye lile pengo na kuurudisha mapajani. Mdogo wake, fundi bomba, alikuwa ameinama, na mabega yake yalikuwa yanacheza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko mtu alivyotegemea. Hospitali iliomba suluhu kabla hata ya tarehe iliyofuata. Walisaini, fidia ikakubaliwa, na upasuaji wa kuunganisha utumbo ukapangiwa mwezi. Wakili alivua miwani yote miwili akafuta macho, akasema hajawahi kuokolewa na shahidi wa upande wa pili. Mama Hesabu alisimamishwa kazi siku ile ile ya kesi, kiinua mgongo chake kikawekwa kiporo mpaka baraza la wauguzi limsikilize. Wenzake wawili waliacha kuitikia salamu yake. Metroni alihamishwa tu, na ukutani, alisikia, waliandika upya ile sheria kwa herufi kubwa zaidi. Stoo haikujazwa.

Kwa siku kumi na mbili hakukanyaga kwa wifi. Angekwenda na uso gani? Alisikia kwamba muuguzi wa zahanati ya jirani anakwenda kumsafisha. Saa kumi ikifika alikuwa anakaa kwenye kochi, mikono mapajani, hana cha kuhesabu.

Siku ya kumi na tatu simu iliita saa kumi na robo.

"Umechelewa," ilisema sauti ya wifi. Ikakatika.

Alikwenda. Mdogo wake ndiye aliyefungua mlango. Zamani angesema, "Shikamoo, dada," na kumpokea mkoba. Safari hii alimpisha, akatoka nje na boksi lake la vifaa, mlango akauacha wazi nyuma yake. Mama Hesabu aliufunga mwenyewe.

Wifi alikuwa amelala chali kama kawaida. Amekonda kidogo. Pembeni yake palikuwa na beseni, mfuko mpya, na pakiti ya shashi ambayo haijafunguliwa. Mama Hesabu alinawa mikono, akasimama kando ya kitanda.

"Wifi, mimi..."

"Usianze," wifi alisema. "Yule wa zahanati ana mikono mizito. Wewe mikono yako ni mizuri, sitakudanganya." Aliangalia dari. "Ulinisafisha wiki tano unajua. Nilikuwa nakuomba msamaha kwa kukuchosha, na wewe unajua."

"Ndiyo."

"Mahakamani uliongea na jaji. Mimi hujaniambia."

Mama Hesabu alipiga magoti pale pale, penye maji ya beseni. "Niliikata, nikaiacha ndani yako, nikanyamaza. Nisamehe, wifi yangu."

 Wifi alichukua pakiti, akaifungua kwa vidole vyake vya kusukia, akampa. "Zihesabu. Kwa sauti."

"Moja. Mbili. Tatu."

"Haya. Fanya."

Alitoa za zamani, akaosha kidonda, akakijaza mpya.  Kidonda kilikuwa kimepungua, wekundu wake ukiwa mzuri, na angependa kusema hivyo lakini hakusema. Alipomaliza alizikusanya zile chafu kwenye karatasi azitupe.

"Lete hapa," wifi alisema. "Zimetoka ngapi?"

"Tatu."

"Zifungue. Nataka kuona pindo."

Mama Hesabu alizikunjua moja moja, zilizogandamana na usaha, akazinyoosha juu ya karatasi chini ya dirisha. Akamwonyesha kila upande kwa kidole. Nne. Nne. Nne. Na kwenye kila moja, uzi wa buluu.

Wifi alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akayafumba macho.

"Rudia," alisema.

Mama Hesabu akarudia, kuanzia moja.